Rudi Hata Bila Dawa

Rujewa, Jumapili jioni

Kabula mwanangu,

Umeenda kuwaaga watu wa kanisani, baba yako yuko zizini anakamua, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa na kalamu bila mtu kuniuliza naandika nini. Mdogo wako Elia ananiona kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, lakini huyo hasemi. Amenikonyeza tu akarudi kwenye simu yake.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za kutunza pasi yako ya kusafiria. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka nimejichosha mwenyewe, nimeona ulivyokuwa unanijibu "ndiyo mama" huku macho yako yako pengine. Hapa naandika yale ambayo nikiyaanza kwa mdomo tutagombana. Unanijua, hasira zangu ziko karibu, kwetu Kihesa wote tulizaliwa hivyo, na wewe umechukua za kwangu ukaongezea na ukimya wa baba yako. Tukikaa wawili kuongea jambo zito, mimi napaza sauti, wewe unaondoka. Karatasi haipazi sauti na wewe huwezi kuondoka kabla hujamaliza kuisoma.

Nimeshaanza kukukosa, na bado hujaondoka. Mchana wakati unamimina maziwa nilikuona unayanusa kabla ya kunywa, kama bwana afya aliyekuja kutukagua. Miaka yote nakufokea kwa hilo. Maziwa ya ng'ombe wetu, tumekamua wenyewe, unayanusia nini? Leo umenusa, nikanyamaza. Umenitazama ukasubiri nifoke, sikufoka, ukanywa haraka ukaenda nje. Nadhani wote wawili tuliona kwamba kimya kile si cha kawaida. Nilitamani ukosee kitu kingine, uvunje hata sahani, nikuseme vizuri, nyumba irudi kuwa nyumba.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya niandike.

Mashineni tunapokoboa mpunga, mimi na wenzangu tukipepeta chenga, habari yako ndiyo gumzo. Mama Tumaini aliniuliza, "Yaani huyo binti anapanda ndege kwenda Japani kusoma vifaranga? Kwani kuku hapa wameisha?" Wakacheka wote. Mimi nikaona leo ndiyo leo, nikaweka ungo chini nikawafundisha kama ulivyonifundisha wewe pale jikoni. Nikawaambia nyama ya mnyama yeyote ukiivunja mpaka mwisho kabisa, unakuta vipande vidogo vinaitwa asidi amino. Vikiungana vingi sana, hiyo ni protini. Vikiungana viwili tu, ni dipeptidi. Nikachukua punje mbili za mchele nikazishika hivi, ulivyofanya wewe. Nikawaambia hiyo anayoisoma mwanangu inaitwa karnosini, na kuku wana ndugu yake anaitwa anserini. Zinakaa kwenye misuli, nyingine kidogo kwenye ubongo. Mnyama akiwa mchanga anazo kidogo, anavyokua zinaongezeka, na mwanangu anataka kujua zinaongezekaje na zinafanya kazi gani.

Nilijisikia mwalimu. Ndipo Mama Tumaini akauliza, na hakuwa na ubaya, "Sasa akishajua?"

Nilikutazama wewe kichwani mwangu nikaona huna jibu wewe pia. Na kwa sababu sipendi kukosa jibu mbele za watu, nikasema, "Atarudi na dawa ya Elia."

Lilinitoka tu. Lakini likishatoka haliwezi kurudi. Kesho yake likawa limefika kanisani, kesho kutwa mchungaji akaliweka kwenye maombi. Watu ninaokutana nao barabarani wananishika mkono wananiambia Mungu atamfikisha. Na wewe uliposikia hukukataa. Nilidhani utanijia juu, utaniambia mama umesema nini. Hapo nikajua kwamba na wewe ulishajiahidi hilo zamani, na mimi nimelitoa nje tu likaanza kutembea.

Nataka nikutue huo mzigo kabla hujapanda basi.

Lazima nirudi nyuma kidogo, vumilia. Unakumbuka Elia alipoanza kuanguka. Mtoto anakimbia, anaanguka pasipo na kitu cha kumwangusha. Kuinuka mpaka ajishike magoti, apande kwa mikono kwenye mapaja yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tunajua jambo moja tu kuhusu kiumbe mchanga asiyesimama, nalo tulilijua kutoka zizini. Baba yako ndivyo alivyolelewa, tangu wazazi wake walipohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kuja huku Usangu. Ndama akizaliwa mnyonge haachwi alale. Unamsugua miguu, mmoja anapitisha mikono tumboni, mwingine anashika shina la mkia anainua, anasimamishwa, anasukumwa kwenye chuchu, akianguka anainuliwa tena. Ukimhurumia ukamwacha chini, asubuhi unamkuta amekufa. Baba yako ameokoa ndama wengi kwa njia hiyo na watu walikuwa wanamwita mpaka Ubaruku akawasaidie wa kwao.

Basi tukamfanyia mwanetu hivyo hivyo, kwa mapenzi yetu yote. Asubuhi kumsugua miguu kwa mafuta ya ng'ombe. Jioni atembee mpaka mfereji wa mashamba ya mpunga na kurudi. Na kazi hiyo ya jioni tulikupa wewe. Ulikuwa umetoka shule umechoka, unabadilisha sare, unamshika Elia mkanda wa kaptula kwa nyuma, mnaondoka. Baba yako ndiye aliyekuonyesha pa kushika. Elia akilia, akisema miguu inauma, wewe unamwambia "twende mpaka kwenye ule mti tu", mkifika unamwambia mpaka ule mwingine. Nilikuwa nawasikia mkirudi, yeye analia na wewe unamwimbia, na mimi nilikuwa nafurahi moyoni nikisema huyu binti ana roho ya kazi.

Halafu Mbeya. Yule daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya chini. Alimpima Elia muda mrefu kisha akauliza, "Nyumbani mmekuwa mkimfanyia mazoezi gani?" Na baba yako akajibu kwa fahari. Alieleza yote, mpaka mfereji, mpaka mafuta. Yule daktari alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Alitueleza taratibu kwamba ugonjwa wa Elia ni wa kuzaliwa nao, misuli yake inajimaliza yenyewe, na ikilazimishwa inaumia zaidi. Alisema pia, na nakuomba ulisome hili mara mbili, kwamba mwisho wake ungekuwa huo huo hata kama asingetembezwa. Kwamba tulimchosha, hatukumuua.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kopo la uji wake. Ulisikia ile ya kwanza. Sidhani kama uliisikia ya pili.

Tangu siku ile ukawa mtoto mwingine. Ukaanza kuuliza misuli ni kitu gani. Ukawasumbua walimu. Kitabu cha baiolojia ukakifunika kwa gazeti kisichakae. Mimi nilijivunia, na sikutaka kuuliza moto ule umewashwa na nini. Nilikuwa naujua. Nilinyamaza kwa sababu moto ulikuwa unakupeleka mbele, nikasema acha uwake. Hilo ndilo ninalojutia kuliko mafuta na mfereji. Mafuta na mfereji tulifanya kwa kutojua.

Kwa hiyo hebu niliseme leo, ingawa limechelewa. Hukumharibu mdogo wako. Ulikuwa mtoto uliyetumwa na wazazi wako, na wazazi wako walikuwa watu wa ng'ombe wasiojua kingine. Muulize Elia mwenyewe anakumbuka nini kuhusu mfereji. Mimi nilimuuliza. Alisema, "Nakumbuka dada alikuwa anaimba vibaya."

Nije kwenye ule msimu wa mvua uliopita, ulipokuja likizo. Madoa alizaa ndama hakumaliza hata siku. Baba yako alimwinua, alimsugua, alifanya yote, ndama akafa. Alikuwa anakwenda kuchukua jembe ukamwomba. Bado nakuona, umesimama kwenye tope na buti zake, unasema, "Baba, naomba nipate nyama ya paja, na kichwa. Nataka nione ubongo."

Sisi ndama hatumchinji. Hata aliyekufa hatumpitishi kisu, anafukiwa. Wewe unalijua hilo tangu unatambaa. Nilimtazama baba yako nikangoja aseme hapana, na mimi nilikuwa nimeshapandisha pumzi nimsaidie kusema. Yeye akachuchumaa, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili kama anamnywesha maji, akakuambia, "Kata, mayu. Nimekishika."

Unajua kwa nini anakuita mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, ni kwa sababu ya jina la mama yake ulilobeba. Lakini siku ile lilinigusa vingine. Nilimwona mume wangu anavunja mwiko wa baba zake kwa ajili yako.

Ukaanza kwa kukata paja, ukaweka kwenye vile vichupa vyako, ukaviweka kwenye boksi la barafu. Ulikuwa unatueleza huku unafanya, kwamba karnosini husaidia msuli usizidiwe na asidi ukifanya kazi ngumu, na kwamba ndama wa siku moja hajajiwekea ya kutosha. Baba yako anaitikia "ee, ee", anafurahi kama mtu anayepewa habari za ukoo wake. Ndipo Elia, tuliyekuwa tumemsahau pale kivulini, akasema, "Dada, na mimi nikifa utanikata?"

Kisu kikakuponyoka, kikaanguka kwenye tope.

Akacheka yule. "Nakutania bwana. Ila ukitaka, chukua paja tu, halina kazi. Kichwa uniachie, nina mambo yangu humo."

Baba yako alicheka mpaka akaachia kichwa cha ndama. Mimi nilicheka huku nafuta macho. Wewe hukucheka. Ulikiokota kisu ukakiosha muda mrefu kuliko kilivyochafuka, kisha ukamwendea Elia ukapiga magoti mbele ya kile kiti ukamwambia kwa sauti ambayo ulidhani hatuisikii, "Nitakuletea dawa. Umesikia? Nitakuletea."

Naye akakujibu, "Sawa dada." Kama anavyomjibu mtu anayemuuliza kama ameshiba.

Usinikasirikie kwa hili linalofuata. Kabla hujarudi chuoni Morogoro, ulikuwa nyuma ya nyumba unaongea na rafiki yako kwa simu, na mimi nilikuwa naanika mchele. Sikwenda kusikiliza, nilikuwa pale tu, ila ukweli ni kwamba ningeweza kukohoa na sikukohoa. Ulisema, "Shoga, mimi nasoma vifaranga. Kutoka hapo mpaka kwa mgonjwa ni safari ya watu wengi, tena wazee kuliko mimi. Dogo hana muda huo. Nitawaambiaje nyumbani?"

Nilibaki nimeshika ule mchele. Hukuwa unaniambia jambo jipya, moyo wa mama unajua kuhesabu, lakini kulisikia kwa sauti yako ni kitu kingine.

Halafu sijui rafiki yako alikuuliza nini, ukabadilika. Ukaanza kusimulia kuhusu ubongo wa kifaranga. Ukasema, "Kwenye msuli angalau wanajua inafanya nini. Kwenye ubongo, wakubwa wenyewe bado wanabishana! Kifaranga ametoka kwenye yai juzi, na tayari anayo kichwani. Ya nini? Unaelewa jinsi hilo swali lilivyo zuri?" Ulikuwa unacheka. Sauti ilikuwa ile ya utotoni, ulipokuwa unakuta mayai kwenye majani unakuja unakimbia kunionyesha. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu Mbeya.

Kisha ukakatika. Katikati ya neno. Ukasema, "Basi, tuachane na hayo," ukawa mtu mzima tena.

Nimekaa na ule mkatiko kuliko kitu kingine chochote, Kabula. Najua ulijishika ukifurahi ukaona aibu. Ulijiuliza unafurahije wakati mdogo wako yuko kwenye kiti. Ninajua kwa sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo, na nilifanya kwa miaka.

Hujawahi kuniuliza kwa nini niliacha kwaya. Nilipotoka Iringa kuja kuolewa huku kwenye joto na mbu, kitu pekee nilichobeba kutoka Kihesa kilikuwa sauti yangu. Wakati naimba Jumapili nilisahau kwamba niko mbali na baridi ya kwetu. Elia alipougua nikaacha. Hakuna aliyeniambia niache. Niliona tu kwamba kila saa niliyofurahi ni saa niliyomwibia. Nikajifungia na ugonjwa wake nikaita hiyo upendo. Nikawa mkali, baba yako ananiogopa, wewe unakula kimya unakwenda kulala. Na Elia hakupata hata nguvu ya kushika kijiko kwa sababu mimi sikuimba.

Ni yeye aliyenirudisha. Siku moja aliniambia, "Mama, nenda kwaya. Ukikaa hapa unanitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke." Nilimjia juu, nikamwambia ana adabu mbovu. Jumapili nikaenda. Nilikuta nimepoteza sauti ya juu, nikahamishiwa kwa wanaoimba chini, na nililia njia nzima kurudi, sio kwa huzuni. Nilipofika mlangoni Elia akanitazama akasema, "Sasa ndiyo umerudi."

Kwa hiyo nisikilize. Ipende hiyo kazi yako. Ipende kwa sababu yake yenyewe, kwa lile swali zuri la kifaranga, hata kama jibu lake halitamfikia Elia. Ukiamka asubuhi kule ukajikuta unafurahi, furahi mpaka mwisho wa neno. Humwibii mtu. Ukikaa maabara kama mtu anayelipa deni la mfereji, hutaona vizuri hata hicho unachokichungulia, utatafuta tu kile unachokitaka kiwepo. Na siku ukishindwa, hutathubutu kurudi nyumbani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siogopi Japani, wala ndege, wala huo ugeni. Naogopa miaka ikipita na wewe unaahirisha kuja kwa sababu mkono ni mtupu, na unasikia aibu kupita mbele ya Mama Tumaini. Elia anakwenda, mimi na baba yako tunazeeka, na wewe uko kule unasubiri upate kitu cha kuleta. Sitaki. Nitakwenda mashineni Jumatatu niwaambie nilisema uongo, kwamba mwanangu hakwenda kuleta dawa, amekwenda kusoma. Watacheka siku mbili. Mchungaji nimeshamwambia leo baada ya ibada. Alikohoa kidogo, akasema basi wataombea masomo.

Rudi, mwanangu. Rudi hata bila dawa, bila cheti, umeshindwa, umefukuzwa, umenenepa, vyovyote. Rudi unuse maziwa yangu nikufokee.

Kuna moja bado, nalo ni zito kuliko yote, nimelizungushia maneno mengi ili nisilifikie.

Bibi yako alipofariki Kihesa, ulikuwa kwenye mitihani. Mjomba wako alisema, asiambiwe, atafeli. Ndivyo watu wetu wote wanavyofanya, mtoto wa shule hapewi msiba mpaka aweke kalamu chini, na mimi nilikubali bila hata kufikiri. Ulinipigia tukiwa matangani. Nilitoka nje watu wasisikike, ukaniuliza bibi yuko wapi mbona simu yake haipatikani, nikakuambia ameenda kwa jirani. Nikarudi ndani nikakaa kwenye mkeka kando ya wenzangu. Ulipomaliza mitihani ukateremka kwenye basi pale Ipogolo na mfuko, mjomba akakuambia pale pale kando ya barabara. Ulipofika nyumbani nilitegemea unipigie kelele. Ulisema tu, "Mama, nilimnunulia machungwa." Ukayaweka mezani. Hatukuyala. Yalioza pale pale, hakuna aliyethubutu kuyatupa.

Juzi baba yako alinivuta kando akaniambia, "Huko aendako ni mbali. Lolote likitokea kwa Elia, tusimwambie mpaka amalize. Atafanyaje na yuko Japani?" Na nilianza kuitikia, Kabula. Kichwa kilishaanza kuinama. Elia akasema kutoka chumbani kwake, "Nawasikia. Mkimficha dada, nitawatokea usiku."

Baba yako hakucheka safari hii. Tulikwenda tukakaa kitandani kwake, mmoja huku mmoja kule, tukaongea kama watu wazima watatu. Alisema mambo ambayo atakuambia mwenyewe akitaka. Tulipotoka baba yako akasema, "Basi aambiwe." Kwa hiyo pokea neno langu. Kifua chake kikibana, utajua siku hiyo hiyo. Akilazwa, utajua. Na likija lile kubwa, nitakupigia mimi mwenyewe kabla sijapaza sauti ya kwanza, hata kama ni saa ya mtihani wako. Utakuja au hutaweza kuja, utalia peke yako na watu wasiojua hata kumtamka jina. Nimekosa namna ya kulifanya lisikuumize. Ila hutanunua machungwa.

Sasa ukweli wa mwisho, na kwa huu ukinichukia utakuwa na haki.

Wewe kuaga hujui. Ulipokwenda Morogoro mara ya kwanza ulimwambia Elia "dogo, narudi sasa hivi" ukiwa mlangoni na begi begani, ukakimbia kama unaenda dukani. Kila likizo ikiisha umefanya hivyo. Juzi usiku ule tulipokaa kitandani kwake, nilimuuliza kuna kitu anataka kutoka kwako. Nilidhani atasema simu mpya. Alisema, "Nataka aniage. Kweli kweli, akiwa amekaa. Lakini hatafanya mama, atakimbilia basi."

Kwa hiyo nimekudanganya. Nilikuambia basi linapita alfajiri na mkate wa njiani nimeufunga, na tiketi nikampa baba yako aishike usiione. Basi ni la saa tatu. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako kwa sababu ndipo utakapoikuta ukiwa umeshavaa, begi limefungwa, kichwa kiko njiani. Toka nje utazame. Hakuna bodaboda. Nimemwambia asije kabla jua halijapanda.

Unaposoma hapa, mimi na baba yako tuko zizini na hatutaingia. Elia nitakuwa nimemwamsha mapema, nimemnawisha, nimemvalisha shati lake la bluu. Amekaa anakusubiri. Vua hivyo viatu, ingia, ufunge mlango. Usimtajie dawa. Usimwambie unarudi sasa hivi. Kaa chini, Kabula, umuage mdogo wako.

Mama yako